Andikeni Saa, Si Hasira

Waliniita mara ya tatu mwezi huu.
Nikapanda ngazi za Nyawera na begi begani,
koleo, vichwa vya waya, kipimo chenye taa nane,
na matope ya Kadutu bado kwenye soli.

Ushirika wa kahawa, vyumba viwili juu ya mchomelea vyuma:
Mama Nsimire na hesabu zake,
Ashuza wa barua,
na chumba cha ndani cha Bwana Mulumeoderhwa,
mkurugenzi asiyeanza sentensi kabla ya kupiga meza.

"Rezo inakuja, inaenda," wakaniambia,
"kama mgeni aliyesahau kofia."
Nikasema afadhali ingekufa.
Waya uliokufa hausogei, naupasua, naona.
Lakini hiki kinachokufa na kufufuka
kikisikia viatu vyangu ngazini kinapona,
taa zote za kijani zinanikonyeza,
jino lililoacha kuuma mbele ya mganga.

Kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake.
Mama Nsimire alishtaki mvua.
Ashuza alishtaki kampuni, na mnara wa kilimani.
Mlinzi alimshtaki mchomelea wa chini na cheche zake.
Mkurugenzi alinitazama mimi.

Mara ya kwanza nilibadili kisanduku.
Mara ya pili nikakata vichwa vya waya, nikavibana upya.
Pesa yao ilikwenda, ugonjwa ukabaki unakunywa chai.
Safari hii sikugusa kitu.
Niliacha daftari la shule, kalamu imefungwa kwa uzi:
andikeni saa, si hasira.
Andikeni nani alikuwa wapi,
kipi kilikuwa wazi, kipi kimefungwa.

Baada ya wiki nikarudi kulisoma.

*Jumatatu, saa nne na robo. Mvua. Dakika kumi na mbili.*
*Jumanne, saa tano. Jua kali. Mkurugenzi anaongea na benki, kwa siri. Imekatika.*
*Jumatano, saa nane. Mvua tena. Nilisema mimi!*
*Jumatano, saa kumi. Ashuza ameitwa ndani. Imekatika.*
*Alhamisi. Chini wanachomelea tangu asubuhi. Iko sawa siku nzima.*
*Ijumaa, saa tisa na dakika kumi. Imekatika. Hakuna sababu.*

Nikasoma mara mbili.
Mvua na siri:
hawa wawili wamekuwa ndugu tangu lini?
Nikauliza, mvua ikija, mnafanya nini?
"Hatufanyi kitu," akasema Mama Nsimire.
"Upepo wa ziwa unapita barazani,
unabamiza mlango wa ndani. Tunauacha."

Mlango.

Nikapiga magoti kwenye bawaba.
Waya wa antena, unaotoka barazani,
ulipitishwa hapo, kwenye ufa, kama panya,
ngozi imeliwa, shaba inang'aa,
na kila mlango ukifungwa, unang'atwa.
Nikaufunga: taa ikazima.
Nikaufungua: ikawaka.
Ashuza akacheka, kisha akaomba afunge yeye.

"Mjinga gani aliupitisha hapa?" mkurugenzi akauliza.
Nilikuwa tayari kuuliza vilevile,
nikaona kipande cha utepe, kimechakaa,
na neno ANTENA kwa herufi zangu,
hiyo N yenye mguu mrefu kuliko mwenzake.
Miaka minne iliyopita, Jumamosi, nikiwa na haraka
ya kuwahi harusi ambayo hata sikuipenda.

Nikasema, ni mimi.
Bwana Mulumeoderhwa hakupiga meza.
Alisogeza kiti chake ili nipate nafasi ya ngazi.

Nilitoboa ukuta juu ya fremu, vumbi likaingia kwenye chai ya watu,
nikapitisha mita kumi na moja mpya, kwa pesa yangu.
Tulifunga mlango mara ishirini.
Mama Nsimire alihesabu kwa sauti, kama anahesabu magunia.
Taa haikutikisika.

Imebaki ile ya Ijumaa, saa tisa na dakika kumi.
Mlango ulikuwa wazi, wote wanaapa.
Mvua haikuwepo, umeme ulikuwepo, hakuna aliyeitwa ndani.
Nimezungushia duara.
Daftari nimewaachia, na uzi mpya wa kalamu.