Seli ya Sabini na Moja

Dhamana ilikwisha tarehe tisa Mei.
Betri ikasubiri hadi katikati ya Juni,
kwa adabu, kama mgeni anayengoja mwenyeji asinzie
ndipo aondoke na sahani.

Nilitoka Invercargill na vijiti saba vya chaji,
kioo kimeganda, kipasha joto nimekizima kwa ubahili.
Kwenye daraja la Oreti vilibaki vitatu.
Mwanamke wa dashibodi akasema jambo kwa Kijapani.
Gari ni la mtumba, limekuja na lugha yake;
miaka sita huniamkia kila nikiliwasha,
nami humjibu, nawe pia, dada.
Siku hiyo sauti ilikuwa ileile, tamu,
na gari lilikuwa linakufa.

Nikapiga simu.
"Hilo, mzee, sisi hatukuliuza.
Na hata tungeliuza..."
Kijana akanitajia bei ya betri mpya.
Nikamwomba arudie:
nilidhani ananipa namba ya simu.

Mimi ni mtu wa piano. Huzitembelea majumbani,
nyuzi mia mbili na zaidi kila moja,
nakaza huu, nasikiliza ule.
Basi nikaazima bikari ya mjukuu wangu Fergus
nikachora duara juu ya ramani:
kilomita thelathini kwenda, thelathini kurudi.
Nje ya duara: Otautau.
Nje: kanisa la Orepuki, piano imeliwa na chumvi.
Nje: Tuatapere, na Bi Ngaire Pullar
ambaye kila majira ya baridi hunipikia supu ya kondoo
na kunilalamikia do ya juu.

Julai niliishi kwa waya.
Shule ya Riverton walinipitishia umeme dirishani mwa maktaba;
watoto wakatoka kuhesabu asilimia kwa sauti,
arubaini na moja! arubaini na mbili!
wakachoka kabla ya hamsini.
Piano yao niliitengeneza bure.
Umeme wao, sikio langu: hatukudaiana.

Agosti lori likanibeba hadi Gore,
kwa Ihipera Kini, nyuma ya ghala la sufu.
Glavu za mpira hadi viwikoni.
"Kaa mbali," akasema. "Huyu haumi. Anaua."
Akafunua kifuniko,
akaanza kupima, jozi kwa jozi,
akiita namba, mimi nikiandika:
nne nukta moja,
nne nukta moja,
nne nukta sifuri,
nne nukta moja,
saa nzima hivyo, hadi kalamu ikaota mdundo,
kisha, ya sabini na moja:
tatu nukta mbili.
Nililisikia kosa kabla sijaliandika.

"Tisini na tano wazima," alisema,
"wanasimama kumngoja mmoja."
Hakuitukana. Aliigusa kwa kidole;
ilikuwa imevimba kidogo, kama shavu lenye jino bovu.

Rafuni palikuwa na nyingine,
ya gari lililogonga ng'ombe huko Mataura.
Mbele lilikuwa limekunjika kama karatasi;
betri, chini kule, haikupata habari.

Gharama: piano kumi na moja.
Nusu sasa, nusu Krismasi.
"Na dhamana?" nikauliza.
Akacheka, akivua glavu.
"Mpaka pale getini."

Sasa linakwenda kilomita mia moja na nne
upepo ukinihurumia.
Tuatapere ni themanini na kitu.
Kurudi ni shauri la kesho.

Bi Ngaire ameacha dirisha la jikoni wazi kwa ajili ya waya,
baridi inaingia, amevaa koti ndani ya nyumba yake.
Do ya juu naikaza, inalegea.
Naikaza. Inakaa.
"Itashika mpaka lini?"
Nje, kitaa cha kijani kinapepesa chini ya mvua.
"Mpaka pale getini," namwambia,
nikavuta bakuli.