Mabano

Saa nane na nusu. Kengele ya akidi inalia,
inanyamaza, inalia tena,
ndipo wanaingia wakifuta midomo.
Mpambe anatangulia na siwa begani,
siwa isiyopulizwa, ya kubebwa tu na kulazwa.
Spika anainama. Nami nainama juu ya kibodi.

Mimi ni mwandishi wa Hansadi, meza ya pili kulia.
Mheshimiwa akisema "hiyo maneno", naandika "suala hilo".
Wakipiga meza, naweka (Makofi).
Mmoja akimtukania mwenzake mama, naweka (Vurugu).
Akisinzia siandiki kitu;
usingizi hauna mabano.

Leo, Jumanne, kwenye Orodha ya Shughuli:
taarifa ya ada za maegesho,
swali kuhusu mbwa wanaozurura Kaloleni,
ripoti ya ziara ya mafunzo, kurasa tisini, juu ya takataka
za mji wa ng'ambo usio na takataka.
Na chini kabisa, kama ukoko wa sufuria,
ombi la Bi. Jerusa Amakobe, mkazi wa Maringo, nyumba nambari 27,
kuhusu kifuniko cha shimo la majitaka.

Kifuniko kiliuzwa chuma chakavu, kwa kilo.
Hiyo ni mwaka juzi. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imefurika,
mjukuu wake alitumwa unga, akavunjika paja.
Ombi likasomwa. Likapelekwa kamatini.
Kamati ikaomba siku sitini, ikaongezewa.
Mwenyekiti akaondolewa; mpya akataka lisomwe upya.
Aya yake ya tatu naijua kwa ghibu,
nimeichapa mara nne,
na mara zote nne nimeusahihisha mkato uleule.

*Mhe. Kilungya:* Bwana Spika, shimo hili ni la kaunti ama ni la kampuni ya maji?
*Mhe. Wangondu:* Hoja ya nidhamu! Shimo halina mwenyewe, Bwana Spika.
Chenye mwenyewe ni kifuniko.
(Kicheko)
*Mhe. Kilungya:* Na kifuniko hakipo. Sasa tunajadili mali ya nani?
(Kicheko)
*Spika:* Utaratibu, waheshimiwa. Utaratibu.

Hapo ndipo alipoinuka kule roshani ya wageni.
Hakusema. Mgeni haruhusiwi kusema.
Alifungua pindo la leso, akatoa kamba ya katani
yenye mafundo mawili, akainyoosha kwa mikono yote miwili
mbele ya kifua chake:
toka fundo hili hadi lile, upana wa shimo.
Kamati iliwahi kuuliza vipimo.

Mpambe akamtazama Spika. Spika akaitazama saa.
Vidole vyangu vikabaki hewani.
Nina (Makofi), nina (Kicheko), nina (Haikusikika).
Nikaandika (Kimya),
nikijua mhariri ataifuta,
maana kimya si shughuli.

Wanaoafiki ombi liahirishwe waseme ndiyo.
Ndiyooo.
Wasioafiki?
Siwa ikanyanyuliwa.

Jioni sikupanda gari la kwetu. Nilitembea hadi Maringo,
sikutumwa na mtu.
Shimo sikuliona. Niliona mlango,
mlango mzima wa mbao, rangi ya samawati,
umelazwa chali katikati ya kijia,
kitasa chake bado kipo,
na nambari, kwa rangi nyeupe: 27.
Hatua sita kutoka hapo, nyumba yenye pazia
pale ambapo nyumba nyingine zina mlango.
Ndani, mtu alikuwa akikoroga kitu jikoni,
mwiko ukigonga sufuria.

Watoto wawili wakapita mbio,
wakaukanyaga mlango kwa visigino:
Hodi! Hodi humu ndani!
wakatimka bila kungoja karibu.

Nikasimama kidogo. Chini ya mbao
maji yalisema jambo refu, yakakatizwa, yakaendelea.
(Haikusikika)