Ya Arobaini na Tatu

Julai. Bomba la uani limeganda.
Mervyn yumo gerejini tangu alfajiri,
kofia ya sufu kichwani, kandambili miguuni
(kandambili, kwa baridi hii ya New Norfolk!),
anapima maji kama mfamasia.

Kilo nne na nusu za kimea cheupe cha shayiri,
robo ya kile chekundu kinachonukia biskuti.
Anazungusha kinu kwa mkono, krr, krr.
Ganda lipasuke lakini lisisagike,
ananiambia kila mara,
kana kwamba hatujaoana miaka thelathini na moja.

Maji ya moto yanaingia kwenye kisanduku cha bluu
tulichobebea soda na samaki watoto walipokuwa wadogo.
Anamimina nafaka, anakoroga kwa mwiko,
mvuke unapanda hadi kwenye mabati,
na harufu, hii nakubali, ni harufu ya uji
uliosahauliwa jikoni na mtu mwenye moyo mwema.
Sitini na sita, asema. Na nusu. Funika!
Tunafunika kwa blanketi la mbwa.
Mbwa anatutazama.

Saa nzima wanga unageuka sukari gizani,
bila kelele, bila kutuomba ruhusa.
Yeye anaandika.
Madaftari saba, miaka kumi na mmoja,
kila pombe na namba yake na aibu yake:
ya tisa ilifoka ikazima jiko;
ya ishirini na mbili ilipasua chupa kumi na nne usiku mmoja,
nikampigia polisi.
Na ya arobaini na tatu.

Ah, ile.
Povu liling'ang'ania bilauri hadi tone la mwisho.
Uchungu ulikuja taratibu, ukabisha hodi,
ukakaa kitako, ukaanza kusimulia machungwa na msonobari.
Dada yangu Desley, asiyesifu hata harusi yake,
aliomba ya pili.
Msoma mita aliomba ya tatu, akasahau mita.

Tangu hapo kaipika mara kumi na tisa.
Kimea kilekile. Maua yaleyale ya hopi kutoka Bushy Park,
anayopewa na Athol ndani ya mfuko wa mkate:
konzi dakika ya kwanza, konzi dakika ya arobaini na tano,
konzi mbili moto ukizimwa.
Hamira ileile. Maji yaleyale.
Zote nzuri.
Anaonja, anatikisa kichwa, anamwagia mawaridi.

Sasa nisikilize, na usimwambie.
Kile kipimajoto cha zamani kilikuwa kiongo.
Nilikitia kwenye bakuli la barafu siku moja, nikitengeneza jeli,
kikasema nne.
Barafu haina nne.
Wiki iliyofuata kikaniponyoka, kikavunjika sakafuni,
nikanunua kingine pacha wake,
nikakitundika kwenye msumari uleule,
nikanyamaza.

Kwa nini? Mwanzoni, woga.
Baadaye, Jumamosi zenyewe:
blanketi, mvuke, mtu wangu akinong'ona tarakimu
kama anayemwimbia mtoto aliyekataa kulala.
Akiipata, atakuja kufanya nini humu?

Leo kaenda kujisaidia.
Nimefunua blanketi.
Jagi zima la maji ya bomba, baridi ya kukata vidole,
nimelimimina, nimekoroga mara saba, nimefunika.
Mbwa kaona.

Amerudi akipuliza viganja.
Hajapima tena; anamwamini pacha.
Ameandika, kwa mwandiko wake wa mshona saa,
sitini na sita na nusu,
akapiga mstari chini, akaniuliza
kama nimesikia ubaridi ulivyoongezeka.
Nimesema labda mlango.

Wiki mbili pipa litapumua chini ya ngazi, blup, blup,
kisha chupa, kisha subira nyingine.
Nitakuwa nimelala macho, nikisikiliza,
nisijue namwombea lipi.