Kiambatisho cha Tatu

Svetozar Galev, waziri wa nje mara mbili,
balozi katika miji mitano,
sasa ana meza ya jikoni, dirisha la kutazama Danube
na chupa ya pilipili za siki.

Miaka arobaini alikuwa fundi wa kufuta.
"Lazima" aliigeuza "inapowezekana";
mauaji yakawa matukio, matukio yakawa hali.
Walimvisha nishani kwa ajili ya koma moja
aliyoisogeza saa tisa usiku, Jeneva, wenzake wakisinzia.

Leo mhariri wake, Yoana, mwenye umri wa mjukuu,
amemrudishia sura ya kwanza, wino mwekundu tupu:
"Mlibadilishana mawazo kwa uwazi" — nani alisema nini?
Nani alilia?

Mzee akacheka. Kisha hakucheka.

Kulikuwa na kijiji, Dolna Kalina,
nyumba thelathini na moja na kinu cha maji.
Kiliandikwa ukurasa wa tisa, kiambatisho cha tatu,
mpaka yeye, kwa kalamu ya hoteli,
akafunika kombe mkataba upite.
Ukapita. Picha zikapigwa.

Anavuta karatasi mpya. Mkono unatetemeka,
wala si uzee peke yake.
Anaandika jina la kijiji,
kisha anangoja, kwa mazoea,
mtu wa upande wa pili wa meza apinge.

Jokofu linanguruma.
Hakuna anayepinga.

Anaandika na la mwenye kinu.