Mji Ulioezeka Miji

Pauni mbili, tafadhali. Na mlango uvute kwa nguvu,
hukwama mvua ikinyesha, yaani kila siku.
Hapa Porth Erwyd hatuna kasri,
hatuna mfalme aliyelala hata usiku mmoja.
Tuna mawe.

Mawe ya kijivu, zambarau kwa ndani
kama kucha iliyobanwa na mlango.
Yalishuka mlimani kwa reli nyembamba,
vibehewa vikijiendea vyenyewe mteremkoni,
mtu mmoja nyuma kashika breki, na farasi
(hapa watoto hucheka)
farasi naye kapanda behewa lake, anatafuna majani,
akingoja zamu yake ya kupandisha.

Ithel, babu wa babu yangu, alihesabu vigae gatini,
vitatu-vitatu, kwani mkono wa kulia
vidole vitatu ndivyo vilivyombakia.
Alisema hesabu inamtosha.
Miji iliyoungua ng'ambo ikaezekwa upya,
wenye nyumba wakalala wakavu bila kulijua jina letu.
Sasa tazama juu. Tazama na chini: ndoo tatu.
Kinyozi hajinyoi.

Kisha vikaja vigae vya bei nafuu.
Mchanga ukaingia bandarini bila kubisha hodi.

Unauliza kuna nini cha kuona.
Kile kisiwa mdomoni mwa bandari si kazi ya Mungu.
Meli zilirudi tupu, zikajaza mawe ya kigeni tumboni zisipinduke,
zikayamwaga pale.
Pameota maua yasiyo na jina kwa Kiwelisi.
Moja mama yangu aliliita Shemeji.

Aiskrimu ipo kwa Gwilym. Ya kijani usinunue.

Lakini ngoja maji yapwe, ushuke ngazi za gati
mpaka ya saba, yenye ukoga, ushikilie mnyororo.
Pana jina limekwaruzwa kwa msumari: NEST.
Mwaka umelika.
Nimepekua daftari za meli, za kanisa, za shule,
miaka kumi na tisa; hayumo.
Mchapaji? Mke wa baharia? Mtoto mtoro?
Herufi ya mwisho ni ya kina kuliko zote,
kama mtu aliyeitwa nyumbani
akakataa kwenda kabla hajamaliza.
Weka kidole humo. Wote huweka.

Tunafunga saa kumi.
Na ukipita, nisaidie kuimwaga
ile ndoo ya katikati. Imejaa.