Kauli ya Kutendwa

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, natoka ofisini Ghubra
na njaa, na kitambulisho cha kazi bado shingoni,
kuwahi dawati la tatu kule Al-Khuwair,
darasa la uzamili: utawala na uhusiano wa kimataifa.
Tuko kumi na mmoja. Wote tuna kazi, hakuna mwenye cheo.
Talib, karani wa forodha, huendesha gari kutoka Suhar,
husinzia kwenye Utangulizi, huamka kwenye Kiambatisho.
Badriya ana mtoto wa miezi minne
na simu aliyoilaza kifudifudi asiione ikiwaka.
Mimi hujibu barua za malalamiko ya maji.
Ada nalipa kwa mafungu,
na mama, aliyekuja na Kiswahili chake kutoka Bujumbura,
ananiuliza huku akichambua mchele:
"Hiyo shahada ya pili, kwani ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?"

Leo Dakta Shamsa ametugawia nchi mbili zisizo kwenye ramani,
na chemchemi moja chini ya mpaka wao.
Talib kapewa nchi ya juu, yenye mabomba.
Mimi ya bondeni, yenye ndoo.
Saa nzima tumegombea kifungu cha nne:
"itatoa", au "yaweza kutoa".
Silabi mbili tatu za tofauti,
na ndani yake mji mzima unaoga au haunawi.

Nikachoka. Nikaandika, ili twende nyumbani:
*Maji yatagawanywa kwa haki.*
Darasa likashusha pumzi. Talib akafunika kalamu.
Dakta Shamsa akasoma mara mbili, akavua miwani.
"Na nani?"
Kiyoyozi kikanguruma.
"Yatagawanywa na nani, Rayya?"

Kiarabu, akasema, kitenzi cha namna hii hukiita
kilichojengewa asiyejulikana.
Nikaiwaza lugha ya jikoni kwetu:
hiyo haijengi chochote,
inachomeka *w* moja tu, nyembamba kama pengo la jino,
na mtenda keshatorokea hapo.
Limepokelewa. Linashughulikiwa. Litazingatiwa.
Barua kumi na tisa nimetuma wiki hii
na hamna mtu ndani ya hata moja.

Njiani kurudi Mabela nikalipita lori la maji
limeegeshwa kando ya barabara,
limeegeshwa na nani,
nikacheka peke yangu mpaka taa ya kijani ikanipita.

Jumatano, barua ya kwanza mezani:
Murshid bin Zahran, wa Amerat, nyumba ya juu kilimani.
Tangi kavu siku ya tisa. Mkewe katoka hospitali, ana mshono.
Nikaandika: *Lori halikuja kwa sababu hatukulituma.
Mimi, Rayya, nitakupigia kesho saa nne.*

Meneja wangu si mtu mbaya.
Akapitisha kalamu juu ya jina langu polepole,
kama anayenitoa mwiba.
"Ukiliweka leo, kesho watalijua wote."
"Ndiyo," nikasema,
na sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyoikusudia.
Barua ikatumwa: *suala lako linashughulikiwa.*
Ikatumwa na mimi. Kidole changu ndicho kilichobonyeza.
Hilo nalo lazima niliandike.

Sijui mkataba wetu wa kubuni utapata alama ngapi.
Talib kanitumia ujumbe usiku wa manane:
nchi yake iko tayari kwa "itatoa",
ila anataka kujua nchi ya bondeni
itamtuma nani kusoma mita.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika moja.
Meneja yuko kikaoni, mlango wake wazi.
Nabonyeza namba ya Amerat, moja moja.
Inaita. Inaita.
Kikohozi, kishindo cha ndoo tupu ikiwekwa chini,
kisha sauti ya mwanamume, kavu:
"Nani?"