Parafujo la Mwandiga

Nimelitoa uvunguni, zito kama mtoto aliyelala:
parafujo la kinu cha mawese cha marehemu Nyabenda,
wekundu wake umebaki viganjani mwangu.
Mama anasema, uza kwa wa vyuma chakavu, kilo ni kilo.

Ndoo ya plastiki. Maji ya kisima.
Magadi vijiko vitano, yaleyale ya maharage.
Waya mweusi kwenye parafujo,
mwekundu kwenye kipande cha nondo nilichookota tu.
Mwanzo nilivikosea, nikavibadili haraka:
upande ule ndio unaoliwa.
Betri ni ya pikipiki ya shemeji. Hajui.

Hakuna kishindo. Vipovu,
kama chai inayofikiria kuchemka.
Nimeiweka nje, mbali na jiko,
maana hewa ile haitaniani na moto.

Usiku kucha maji yakageuka rojo la matofali.
Nondo ikakonda, ikawa kijiti cha mshikaki.
Nani angeiuliza?

Alfajiri nikasugua utando mweusi kwa brashi ya viatu.
Jino la tatu lina pengo.
Mama akapitisha kidole gumba pale, akakitoa, akakirudisha.
"Nililiangusha mimi," akasema.
"Akafukuzwa Bukuru."

Sikujibu. Chuma kikitoka uchi
hushika kutu upya kabla chai haijapoa.
Akaingia ndani, akatoka na chupa,
akamimina mawese kiganjani
akaanza kulipaka, pengoni kwanza.